Shajara ya Mradi: Miche Mingapi ya Kanola kwa Mita Mraba?

Machi 22

Mjomba hupanda kanola, zao la mbegu za mafuta, kwa kurusha. Huifunga mbegu kwenye leso kiunoni, akatembea shamba zima akitupa mkono kushoto na kulia, kilo 3 kwa ekari, na akiona mawingu ni mazito huongeza nusu kilo. Nikimuuliza kwa nini 3 na si 2, hunijibu: "Mpwa wangu, ardhi haikopeshi. Ukiipa kidogo itakupa kidogo." Nimelisikia jibu hilo misimu minne. Msimu huu nataka kulipima.

Tuko Timau, upande wa kaskazini wa Mlima Kenya, kando ya barabara itokayo Meru kwenda Nanyuki. Mashamba makubwa ya huku yanalima ngano na shayiri, na kanola huingizwa katikati ili kuipumzisha ardhi na magonjwa ya nafaka. Sisi wenye ekari mbili tatu tumeiga. Lakini wao wana mashine zinazodondosha mbegu kwa kipimo, sisi tuna mkono, na mkono wa mtu mmoja si sawa na wa mwenzake.

Jioni nilikaa na kalamu. Ekari moja ni mita mraba 4,047. Mbegu 1,000 za kanola niliyo nayo zina uzito wa gramu 4. Kwa hiyo kilo 3 za Mjomba ni gramu 0.74 kwa kila mita mraba, yaani mbegu 185 hivi mahali ambapo mtu anaweza kutandika mkeka mdogo akaketi. Hata zikifa 4 katika kila 10, bado hubaki miche 111. Kule Kanada, ambako kanola ilizalishwa na kupewa jina miaka ya 1970, mkulima hushauriwa apate miche kati ya 50 na 80 kwa mita mraba. Mjomba anapanda watoto wawili kwa chakula cha mmoja, na nadhani ndiyo sababu kanola yake hulala chini kila Julai.

Nadhani. Ndiyo maana nafungua shajara hii.

Machi 30

Kabla ya kupanda nimepima mbegu. Mwaka jana niliuziwa mfuko wa mbegu zilizokaa dukani muda mrefu, na sikujua mpaka shamba liliponyamaza. Nilipopima zilizobaki kwenye mfuko, hazikufika 40 kati ya 100 zilizochipua. Safari hii nilihesabu 100, nikazipanga kwenye kitambaa chenye maji ndani ya sahani, nikafunika na sahani nyingine, nikaiweka jikoni mbali na moto. Leo ni siku ya saba. Zilizotoa mzizi ni 91.

Hiyo 91 isimdanganye mtu. Sahani haina ndege, haina bonge la udongo, haina jua la saa saba. Shambani mbegu ndogo namna hii, yenye upana wa milimita 2 hivi, mara nyingi huota nusu yake au zaidi kidogo. Mimi nimechukua 60 kwa 100.

Hesabu ya kilo ni nyepesi, naiandika hapa kwa sababu wenzangu wa kikundi wameniuliza. Chukua idadi ya mimea unayotaka kwa mita mraba, zidisha kwa uzito wa mbegu 1,000 kwa gramu, gawanya kwa idadi unayotarajia ziote kati ya 100. Jibu ni kilo kwa hektari. Mimea 50, mara 4, gawanya kwa 60, unapata kilo 3.3 kwa hektari, ambazo kwa ekari ni kilo 1.35. Chini ya nusu ya leso ya Mjomba.

Angalieni kwamba uzito wa mbegu 1,000 haulingani mfuko kwa mfuko. Huwa kati ya gramu 3 na 6. Anayepanda kwa kilo peke yake, bila kuhesabu, msimu mmoja anaweza kupanda mbegu mara mbili ya msimu uliopita na asitambue.

Aprili 8

Tumepanda. Vipande 18, kila kimoja mita 2 kwa mita 5, njia ya nusu mita katikati. Vipimo ni vitano: mimea 20, 40, 60, 80 na 120 kwa mita mraba. Kila kipimo kimepewa vipande vitatu, na vipande vitatu vya mwisho vimerushwa kwa mkono wa Mjomba mwenyewe, kilo zake zilezile. Alikuja kwa hiari. Alivua viatu, akarusha, akasema, "Sasa tutaona."

Vipande sikuvipanga kwa mpangilio wangu. Shamba lina mteremko, upande wa chini udongo ni mzito na unashika maji, na ningeweza kukipendelea kipimo ninachokipenda bila kukusudia. Niliandika namba kwenye vikaratasi, nikavitia kikombeni, mtoto wa dada yangu akachota kimoja kimoja. Alichokichota ndicho kilichopandwa.

Mistari imeachana sentimita 25. Ukitaka mimea 40 kwa mita mraba, ni mimea 10 katika kila mita ya mstari. Ukitaka 120, ni 30, yaani mmoja kila sentimita 3 na kidogo. Nilipanda mara mbili ya mahitaji ili baadaye tupunguze kwa kung'oa. Mbegu za kipande cha 40 kizima, hata ukishazidisha hivyo, ni gramu 3 na kitu, kijiko kimoja cha chai. Huwezi kukigawa kijiko cha chai kwenye mistari 8 ya mita 5 kwa vidole vitupu. Tulichanganya na mchanga mkavu uliochekechwa, kikombe kimoja kwa kila mstari, na mchanga ndio uliotuongoza: mchanga ukiisha mwisho wa mstari, mbegu nazo zimefika mwisho wa mstari.

Kina ni sentimita 2. Mbolea ni ileile kila kipande, ikiwemo yenye salfa, kwa sababu kanola hula salfa kuliko ngano, na ikiikosa, majani machanga hujikunja na kugeuka manjano. Nisingependa njaa ya salfa ionekane baadaye kama kosa la msongamano.

Aprili 15

Mvua kubwa usiku wa tarehe 11, kisha siku tatu za jua kali. Udongo umefunga ukoko. Nilipiga magoti nikabandua kipande cha ukoko kama mtu anavyobandua chapati kwenye kikaango, na chini yake nikakuta mche umejikunja, mweupe, kichwa kimegonga dari na kurudi chini. Mbegu ndogo haina nguvu za akiba za kusukuma.

Mama alikata tawi lenye vijiti vyembamba, akaliburuta juu ya mistari polepole. Ukoko ulipasuka bila kuiumiza miche mingi. Tulimaliza vipande vyote 18 kabla ya jua kupanda.

Jambo moja lazima niliandike kwa haki. Katika vipande vya 120 na vya Mjomba, ukoko ulikuwa umeinuka wenyewe. Miche mingi ikisukuma pamoja huipasua ardhi. Kumbe kurusha nyingi si ujinga. Ni bima ya mtu ambaye hana tawi la kuburuta ekari tatu.

Aprili 28

Siku ya kuhesabu. Nimetengeneza pete ya waya. Kata waya wa sentimita 177, ukunje duara, ncha zikutane: ndani yake mna robo ya mita mraba. Itupe, hesabu miche iliyo ndani, zidisha kwa 4. Itupe mahali pengine. Mara tano kwa kila kipande.

Vipande vya mistari vilikuwa na miche ya kutosha kupunguzwa. Vya Mjomba vilinishangaza, si kwa wingi wa miche bali kwa kutokuwa sawa. Pete moja ilikuwa na miche 43, na hatua mbili mbele pete ilikuwa na 6. Wastani wake ukiuandika kwenye karatasi unapendeza. Lakini mmea hauishi kwenye wastani, unaishi pale ulipo. Wale 43 wanagombania mwanga na wale 6 wana uwanja, na uwanja usio na kanola haukai mtupu, kishonanguo ameshaufika.

Mama ndiye aliyeongoza kupunguza. Yeye huuza miche ya sukuma wiki na mkono wake unajua ni upi wa kuacha. Nilidhani tutaacha mrefu zaidi. Akaniambia, "Huyo mrefu anakimbia, mwanangu, hakui. Acha mfupi mwenye shingo nene." Aliung'oa mrefu akanionyesha: shina chini ya majani ya kwanza lilikuwa jembamba kama uzi na mzizi wake mkuu ulikuwa umepinda. Mfupi ulikuwa na mzizi ulionyooka kama msumari.

Hakukosea kuufananisha na sukuma wiki yake. Kanola ni ndugu wa damu: ilitokana na kabichi na sukuma kwa upande mmoja na tanipu kwa upande wa pili, kama mtafiti Nagaharu U alivyoonyesha mwaka 1935. Sukuma ina kromosomu, yaani nyuzi za urithi ndani ya seli, 18, tanipu 20, na kanola 38, jumla ya hizo mbili. Miche tuliyoing'oa, kwa kuwa mbegu hazikuwa zimetiwa dawa, tuliipika na kitunguu. Kapu zima la vipande vya 120, na kiganja kimoja tu cha vipande vya 20.

Mei 20

Majani yametandaa. Nikisimama mwisho wa shamba naweza kutaja kipimo bila kuangalia kibao.

Vipande vya 20 vina mimea iliyolala bapa, majani mapana yaliyogusa udongo, na kati ya mmea na mmea bado naona ardhi. Tumepalilia mara mbili na tutapalilia tena. Vya 40 na 60 vimefunga juma lililopita na magugu yamepungua yenyewe kwa kukosa mwanga. Vya 120 vilifunga mapema kuliko vyote, lakini majani yamesimama wima, membamba, kama watu waliobanwa kwenye matatu wakishika chuma cha juu.

Viwavi wa nondo mgongo-almasi wameonekana vipande vyote, kwa kiwango kimoja. Nimeandika, nimepita.

Juni 17

Maua. Mlima uko wazi asubuhi na shamba ni manjano mpaka macho yanauma. Nyuki wa jirani wamehamia huku. Kanola inaweza kujichavusha yenyewe kwa sehemu kubwa, lakini sikuwafukuza, na jirani amefurahi ingawa analalamika kwamba asali ya kanola hugandia ndani ya masega upesi.

Vipande vya 120 vilitangulia kutoa maua na vinakaribia kumaliza kwa pamoja. Vya 20 vilianza vikiwa nyuma, na maua yanazidi kuja, kwa kuwa kila tawi lina zamu yake. Mmea wenye nafasi hutoa tawi kutoka karibu kila kikwapa cha jani, na tawi hilo nalo hutoa lake. Mmea uliobanwa hutoa shina kuu na matawi mawili matatu juu kabisa, palipo na mwanga, na macho ya chini hubaki yamelala.

Nimeinama nikaingia chini ya maua ya kipande cha 120 saa sita mchana. Juu kunang'aa, chini ni giza la jikoni. Majani ya chini yamekauka na kuanguka. Tandiko zito la petali huurudisha mwanga juu, na majani ya chini yanayopaswa kulisha maganda machanga hushinda njaa wakati ule ule maganda yanapoamuliwa, hili libaki, hili lianguke. Nilikuwa nimesoma hivyo. Leo nimekiona kiza chenyewe.

Julai 4

Nimehesabu maganda. Kazi hii inachosha na sijutii, kwa sababu ndiyo iliyonifungua macho.

Kutoka kipande cha 20 nilichukua mmea mmoja wa kawaida, si mkubwa kuliko yote. Shina lake ni nene kama kidole gumba, matawi 9 ya kwanza, maganda 291. Kutoka kipande cha 60, shina kama kidole kidogo, matawi 4, maganda 104. Kutoka kipande cha 120, shina kama penseli, matawi 2, maganda 43.

Mtu akiuona mmea wa maganda 291 husema hapa ndipo penye mavuno. Lakini zidisha. 20 mara 291 ni 5,820. 60 mara 104 ni 6,240. 120 mara 43 ni 5,160. Mimea imezidi mara sita, maganda kwa mita mraba yamecheza karibu mahali pamoja. Nilipasua maganda kumi kutoka kila kipimo: mbegu ndani ya ganda hazikutofautiana sana, wala unene wake. Kanola hurekebisha hesabu yake hasa kwenye matawi na idadi ya maganda. Ukiipa nafasi inaijaza, ukiinyima inajipunguza.

Basi kama inajirekebisha, kwa nini tuhangaike na idadi? Jibu bado sijalipata.

Julai 23

Upepo wa usiku na mvua nzito. Asubuhi vipande vyote vitatu vya 120 vimelala. Havikuinama, vimelala, vimesukana kama nywele zisizochanwa. Vya Mjomba vimelala palipokuwa na mafungu mazito na kubaki wima palipokuwa peupe. Kimoja cha 80, kile cha chini ya mteremko, kimeinama nusu. Vya 20, 40 na 60 vimesimama.

Shina la penseli haliwezi kubeba kichwa kilicholowa. Yale yaliyokuwa hesabu sawa ya maganda juu ya karatasi sasa yamo ndani ya unyevu, ganda juu ya ganda, na chini hakuna hewa.

Mjomba alikuja saa tatu. Alisimama kwenye njia ya katikati muda mrefu. Hakusema neno kuhusu kilo.

Agosti 2

Nilichoogopa kimefika. Katika vipande vilivyolala mashina kadhaa yamekuwa meupe kama mfupa kuanzia chini, na maganda yake yameiva kabla ya wakati, matupu. Nilichukua moja nikalipasua kwa kisu. Ndani, kwenye uwazi wa shina, mna pamba nyeupe ya ukungu na tembe nyeusi ngumu, umbo la mavi ya panya. Hizo ni punje za akiba za ukungu uitwao sklerotinia.

Ukungu huu huanza mara nyingi kwenye petali zilizoanguka zikanasa juu ya majani na vikwapa vya matawi. Palipo na mimea mingi petali hunasa nyingi na unyevu hukaa muda mrefu. Msongamano haukuleta ugonjwa, umeutandikia kitanda.

Na hapa si kanola tu iliyo hatarini. Tembe hizo hukaa udongoni miaka, na ukungu huohuo hushika maharagwe, viazi, karoti na kabichi, yaani karibu kila kitu tunachouza huku sokoni. Ngano na shayiri hauzishiki. Nimeyakata mashina yote meupe, nimeyatia guniani bila kuyatikisa, nimeyachoma. Kipande hiki mwakani kitakuwa shayiri, hata Mama akilia kuhusu maharagwe.

Agosti 16

Kukomaa nako kumeleta shida upande wa pili. Kanola hukatwa mbegu zikibadilika rangi, kutoka kijani kuwa kahawia na nyeusi. Ukingoja kila ganda likauke, maganda hupasuka na mbegu hupukutika. Kipimo kinachotumika ni kufungua maganda ya shina kuu, juu, katikati na chini, na kukata karibu mbegu 60 kati ya 100 zikishabadilika.

Vya 60 na 80 vilikuwa tayari kwa siku moja. Vya 40 vilifuata siku mbili baadaye. Vya 20 vimenitesa. Shina kuu limekauka mpaka linalia ukiligusa, na matawi ya chini bado ni kijani. Nikikata leo napoteza matawi, nikingoja napoteza shina kuu. Nilingoja siku nne, na siku ya tatu nilikuta ardhi chini ya kipande kimoja imenyunyiziwa mbegu nyeusi, na njiwa wamepanga foleni.

Tulikata alfajiri umande ukiwa bado, ili maganda yasipasuke mkononi. Tukatandaza juu ya turubai, kila kipande na kibao chake.

Septemba 5

Kupiga, kupepeta, kukausha kwa siku nne, kupima kwa mizani ya maabara ya shule.

Vya 40 na 60 vimekuwa mbele. Kati ya hivyo viwili siwezi kumtangaza mshindi: tofauti kati ya kipande na kipande cha kipimo kimoja ilikuwa kubwa kuliko tofauti kati ya 40 na 60. Mtu akiniuliza kipi bora nitamwambia vyote viwili. Vya 80 vimefuata, na vingekuwa sawa navyo kama si kile cha chini kilichoinama. Vya 20 vimekuwa nyuma, na kilichovirudisha nyuma si uchache wa maganda bali zile siku nne za kungoja, pamoja na palizi ya tatu ambayo mizani haiioni lakini mgongo wangu unaiona. Vya kurusha vimekuja baadaye, kila kimoja na lake, kimojawapo kikikaribia vya 80. Vya 120 vimeburura mkia, vyote vitatu.

Kikundi kilipokutana jana mmoja aliuliza mbona Wachina wanasongamanisha na wanavuna. Swali zuri sana. Kule Bonde la Yangtze zamani miche ilikuzwa kitaluni ikahamishwa kwa mkono, michache kwa nafasi kubwa. Vijana walipohamia mjini wakulima wakaanza kupanda moja kwa moja kwa msongamano mkubwa zaidi, kwa kuwa mimea iliyosogeleana hutoa matawi machache, huiva pamoja, na mashine hupita mara moja. Hilo halipingani na vipande vyangu. Ndilo nililoliona Agosti: mimea mingi huiva pamoja, michache huiva kwa zamu. Nao Waingereza hupanda kabla ya baridi na kuvuna kiangazi kinachofuata. Mmea una miezi mingi ya kujipanua, na mimea 30 tu kwa mita mraba inawatosha.

Kwa hiyo swali la mkulima wa Timau ni siku ngapi za unyevu atakazozipata. Mmea ulioachiwa nafasi kubwa unahitaji muda wa kutoa matawi yote hayo na kuyalisha, na muda huo ni mvua. Mvua za Machi zikichelewa mpaka Mei, mimea 20 haitapata muda wa kujaza uwanja wake. Mimi ningeenda kwenye 60. Zikianza mapema na udongo ni mzito, 40 inatosha na shina litasimama. Kwa yeyote yule, mistari kwanza. Vipande vya 80 vya mistari na vya kurusha vya Mjomba, palipo na idadi inayokaribiana, havikufanana hata kidogo, na hilo ndilo somo ambalo sikulitafuta.

Septemba 21

Mbegu tumezikamua. Mafuta yamepatikana, mashudu amepewa ng'ombe wa Mama, ambaye hakusubiri kukaribishwa. Mashudu ya kanola ya kisasa hayana ule uchungu mwingi wa rapa ya zamani, mmea ambao kanola ilizalishwa kutokana nao, ilhali hapo kale hayakuwa chakula cha mifugo cha kutegemewa.

Nimegawa nakala za hesabu ya kilo kwa wanakikundi.

Oktoba 9

Mvua za vuli zimeanza. Nimehamisha vipande kwenye shamba la juu, lililokuwa ngano. Msimu huu naondoa 20 na 120, naweka 30, 45 na 60, na kila kimoja nakipanda kwa mistari ya sentimita 25 na ya sentimita 40. Nataka kujua ikiwa idadi ni ileile, je, umbali wa mistari unabadilisha shina?

Mjomba amepanda jana. Amerusha bado, lakini alikuja kwanza kuomba mchanga uliochekechwa, na leso ilikuwa na kilo 2.

Oktoba 30

Asubuhi nimekosa pete yangu ya waya. Nimeikuta shambani kwa Mjomba, naye akiwa ndani ya mimea, amechuchumaa, miwani imeteremka puani. Alikuwa akiandika kwa kalamu ya makaa juu ya mfuko mtupu wa mbegu: 14, 22, 9, 17, 31. Aliniona, hakuinuka. Akauliza, "Hii thelathini na moja, mpwa, naizidisha kwa nne nayo, ama naipunguza kwanza?"

Nikavua viatu, nikaingia.